Moshi wa Uani kwa Siwema

Iko nchi inaitwa Jamhuri ya Shwari. Ukiitafuta kwenye ramani utaikosa, maana wapimaji waliotumwa kuichora waliambiwa wasubiri nje kidogo, mheshimiwa yuko kikaoni, na mpaka leo wanasubiri. Lakini nchi ipo na mambo yake ni mazuri sana. Barabara zake zote zina lami, na kila barabara ina hati iliyosainiwa kuthibitisha hivyo. Ukikuta shimo, basi kosa ni la shimo. Hospitali zake zina dawa, hati zipo. Wananchi wake wameshiba, nao wamesaini.

Katika nchi hiyo, mji wa Tegemeo, Mtaa wa Mperani, alikaa mwanamke wa makamo jina lake Siwema binti Kilindo. Kazi yake ilikuwa kubanika nyama. Uani kwake palikuwa na pipa la bati nene aliloachiwa na marehemu mama yake, limetobolewa chini pa kuingizia kuni, na ndani limetiwa chanja ya nondo. Nyama ya mbuzi aliilaza na chumvi, ndimu na pilipili manga, asubuhi akaitandaza chanjani, akafunika, halafu kutwa nzima akawa anauchunga moshi wa kuni za mpera usizidi wala usipungue. Watu wa harusi, watu wa hitima, watu wa safari ndefu, wote walipitia kwake. Hakuwa na kazi nyingine, na hakuitamani.

Mtaa ule ulikuwa na desturi yake, ikiitwa fungu la pua. Aliyenusa ana fungu. Nyama ikiiva, mwenye pipa hutazama upepo wa siku ile umeulaza moshi upande gani, kisha hupeleka kipande, hata kiwe cha ukubwa wa kidole, kwa kila nyumba iliyofikiwa. Ukimruka mtu, atakuja mwenyewe na sahani yake mkononi, bila haya, na hakuna atakayemwita mlafi. Kumnusisha mwenzio nyama tangu asubuhi kisha kumwacha ameze mate, watu wa Mperani waliona ni ukatili ambao hata mama wa kambo angeufikiria mara mbili. Na kulirudisha fungu kulikuwa tusi kubwa zaidi. Ilikuwa ni kusema kwamba waliolileta si watu.

Basi wakaishi hivyo miaka nenda miaka rudi, mpaka alipohamia Mheshimiwa Tindwa, Naibu Waziri wa Mandhari na Hewa Safi. Nyumba nne zilibomolewa ili kumpisha, kwa hiari ya waliobomolewa, na hati ipo. Likasimama ghorofa lenye ukuta, na mbele ya ukuta geti, na mbele ya geti askari. Siku ya kwanza upepo ulipougeuzia moshi huko, Siwema alichagua mnofu mzuri wa paja, akaufunika kwa kawa, akaupeleka mwenyewe. Jioni sahani ilirudi na mnofu wake, haujaguswa, na juu yake barua yenye muhuri: zawadi kwa viongozi zipitie Tume ya Maadili, nakala tatu, na mleta zawadi aambatanishe picha ndogo.

Siwema aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Iliuma, na maumivu yale yalikaa.

*

Wiki mbili baadaye, Halmashauri ya Tegemeo ilipitisha Sheria Ndogo ya Moshi wa Nyama na Utulivu wa Majirani, yenye vifungu arobaini na kimoja. Kifungu cha kwanza kiliutaka moshi upande wima. Cha pili kiliukataza kuvuka ukuta wa mtu pasipo kibali. Cha tatu kilisema kwamba moshi utakaopinda bila sababu za msingi, mwenye moshi ndiye atakayejibu. Na cha nne kilimtaka kila mbanika nyama aweke chombo chake hatua hamsini kutoka dirisha la jirani yeyote.

Aliyetumwa kuisimamia ni Bwana Afya Lugendo, mtu mwembamba, mpole, mwenye futi ya kukunja kiunoni na woga wa kazi yake machoni. Alifika uani kwa Siwema akapima. Ua mzima ulikuwa hatua kumi na mbili, ukihesabu na banda la kuku. Akatoka nje akaupima mtaa. Alipima tangu asubuhi hadi adhuhuri, akachora, akafuta, akachora tena, akarudi jasho likimtiririka. Alimweleza Siwema kwamba mahali panapotimiza sheria pamepatikana, ila ni mahali pamoja tu katika Mperani nzima: katikati ya bustani ya Mheshimiwa Tindwa.

Tena mahali penyewe palikuwa na mwenyewe. Palikuwa na jiko la kubanikia la Mheshimiwa, jeusi, kubwa kama jeneza, lililokuja kwa meli, nalo kila Jumamosi lilifuka hadi wageni wake wakawa wanatambuana kwa sauti. Siwema akauliza, kwa upole kabisa, kama lile halina moshi.

Bwana Afya alifungua kifungu cha tisa. Chombo chenye magurudumu na kipimajoto, alisoma akiangalia chini, si jiko la moshi, bali ni kifaa cha burudani, na kinachotoka humo ni hewa yenye harufu.

Siwema akasema asante. Kesho yake aling'oa magurudumu ya mkokoteni uliolala nyuma ya banda, akayafunga kwenye pipa. Kipimajoto aliazima kwa Bi Mashavu, jirani yake wa ukuta mmoja, nesi mstaafu, naye akampa kile cha kwapani, ndicho pekee alichostaafu nacho. Bwana Afya alikuja akalizunguka pipa mara tatu. Akaenda Halmashauri kuuliza, akarudi na jibu la maandishi: pipa lenye magurudumu lakini lenye kipimajoto kisichotambuliwa na Wizara ni chombo cha usafiri, hivyo lisitembee bila taa za nyuma. Aidha, kipimajoto kimeonyesha kwamba pipa lina homa kali, na mmiliki anashauriwa alipumzishe.

Akapewa siku saba za kulipumzisha. Siku zote saba alibanika, na siku ya nane akaongeza mbuzi.

*

Walikuja Alhamisi, saa nane mchana, nyama ikiwa katikati ya kuiva. Mgambo sita na pikapu moja, Bwana Afya mbele. Siwema alipowaona alichukua kata ya maji ili auzime moto, maana alijua wamekuja kulichukua, na pipa la moto litawaunguza vijana wa watu.

"Usizime, Bi Siwema," Bwana Afya alimsihi. "Ukizima umeharibu ushahidi."

Alikuwa amehudhuria semina ya siku tatu kuhusu kifungu cha thelathini, semina yenye chakula cha mchana, na alikiweka moyoni. Kifungu chenyewe kilisema: kielelezo kikamatwe kikiwa katika hali ya kutenda kosa, na kihifadhiwe katika hali hiyo hiyo hadi siku ya uamuzi. Siwema akauliza kuhusu nyama. Akajibiwa kwamba nayo imo ndani ya kosa.

Wakalipakia pipa linafuka. Mgambo mmoja alisimama nyuma ya pikapu na kuni za mpera, kazi yake kuchochea ili kosa lisipoe. Mwingine alitangulia kwa miguu na kitambaa chekundu, kuwaonya wananchi kwamba ushahidi unapita. Gari likaenda mwendo wa bibi harusi. Siwema akajifunga kanga kiunoni akalifuata, koleo lake mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia aliache.

Sasa upepo wa mchana ule, sijui ulitumwa na nani, ukaulaza moshi. Ukaingia Mtaa wa Maghala, ukaingia sokoni, ukapita shule ya msingi madirisha yote, ukapita stendi, ukapita msikitini na kanisani bila kubagua. Nyama yenyewe ilikuwa imefika pale inapoanza kudondosha mafuta. Siwema alisikia nyuma yake vishindo vya miguu, akageuka. Watu walikuwa wanatoka majumbani na sahani.

Wa mbele yao alikuwa Bi Mashavu, na miguu yake inayovimba. Siwema akamuuliza anakwenda wapi na hali ile.

"Moshi umepita mlangoni kwangu juu ya gari la serikali," alisema Bi Mashavu, "na nyama imo. Fungu langu nitalidai huko huko serikalini."

*

Halmashauri ya Tegemeo haikuwahi kupata wageni wengi kiasi kile tangu siku ilipotangaza kwamba haipokei wageni. Mkurugenzi alichungulia dirishani, akaona foleni na sahani, akafanya kosa ambalo hata leo anaulizwa alilifanyaje. Aliamuru wadai wa fungu la pua wahudumiwe dirisha namba nne. Likafunguliwa, zikaletwa fomu. Pua yako ilifikiwa saa ngapi? Ilifikiwa ikiwa kazini au nyumbani? Taja mashahidi wawili wenye pua zao. Watu wakajaza, zikapigwa muhuri, na katika Jamhuri ya Shwari kilichopigwa muhuri kimekwisha kuwa kweli.

Nyuma ya jengo, pipa liliendelea kufuka chini ya Kamati Ndogo ya Kuchochea, yenye zamu tatu na posho ya macho. Ijumaa mpera ukaisha. Kwa kuwa kifungu cha thelathini hakisemi kuni za nini, kamati ikafungua stoo ikaanza kuchoma meza mbovu, na rangi yake juu. Jumamosi nyama ikaisha. Wataalamu saba walikuwa wameionja kwa uchunguzi, na kila aliyeonja alishauri uchunguzi urudiwe. Hapo ikaonekana kwamba kielelezo kitupu si kielelezo, basi wakakata ngozi ya kochi la zamani la mkurugenzi, wakaitandaza chanjani vipande vipande.

Kuanzia hapo moshi ule haukuwa tena na uhusiano wowote na Siwema. Ulikuwa mweusi, mzito, wenye kunata. Ulifika mbali kuliko ule wa mpera ulivyowahi kufika, na kila ulikofika mtu alichukua sahani akaja dirisha namba nne.

*

Jumamosi hiyo hiyo, saa nne asubuhi, Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Kisoma, alimwita Siwema ofisini. Alikuwa na sauti ya mtu aliyekwisha kula. Alimkalisha kitini, akamwagizia soda, akazungumza juu ya taifa. Taifa, alisema, ni pumzi moja ndani ya vifua vingi. Kifua kimoja kikikohoa, vingine vina wajibu wa kutosikia. Aliendelea hivyo mpaka soda ikapoteza gesi. Kisha akasukuma karatasi.

Ilikuwa hati fupi, iliyokwisha chapwa, imebaki saini. Mimi, Siwema binti Kilindo, nathibitisha kwamba uani kwangu hapajawahi kutoka moshi.

Siwema akasema hajaelewa. Mwenyekiti akamweleza kwa wema wa kweli, kama mtu anayempa jirani dawa ya mafua. Akisaini, hakuna kosa. Kama hakuna kosa, hakuna kielelezo, na pipa linarudi Mperani leo leo. Abanike atakavyo, hata mbuzi kumi. Mheshimiwa Tindwa akilalamika ataonyeshwa hati, naye anaheshimu hati kuliko pua yake. Wote tunaishi hivi, alisema Mwenyekiti. Siwema akaomba apewe mpaka Jumatatu.

Nyumbani alimkuta Bi Mashavu kibarazani ameloweka miguu kwenye beseni. Akamsimulia yote.

"Saini, mdogo wangu," Bi Mashavu alimwambia. "Karatasi haiumi. Mimi nimesaini kwamba dawa zipo, miaka kumi na minane, kila mwisho wa mwezi."

"Na wagonjwa?"

Bi Mashavu aliyatikisa maji kwa vidole vya miguu.

"Wao hawakusaini," alisema.

Siwema aliingia uani. Palikuwa na duara jeusi ardhini pale pipa liliposimama tangu yeye hajazaliwa. Alilitaka pipa lake, tena alilitaka sana. Bila hilo hakujua kesho atakula nini wala ataamka afanye nini. Lakini kila alipojaribu kuifikiria ile saini, alimwona mama yake amepiga magoti pale, macho mekundu, anapuliza kaa. Hapajawahi kutoka moshi. Kwa hiyo mama alikuwa anafanya nini pale miaka yote? Zile harusi, zile hitima, yale mafungu yaliyopelekwa nyumba kwa nyumba, nani aliyapeleka? Hasira ilimpanda polepole, mpaka akaona afadhali wamnyang'anye pipa kuliko wamnyang'anye na moshi wake.

*

Jumatatu baraza lilikaa nje, katika kiwanja cha Halmashauri, kwa kuwa ndani hapakuwa na hewa. Watu wa sahani walijaa mpaka barabarani. Mheshimiwa Tindwa aliletewa kiti cha mlalamikaji, akakohoa kikohozi cha kiserikali, kifupi, ndani ya leso.

Lakini mambo yalikuwa yamebadilika asubuhi ile. Nyuma ya Halmashauri, ukuta kwa ukuta, ndipo alipokaa Mkuu wa Mkoa, na moshi wa meza na kochi ulikuwa umeingia kwake bila kualikwa. Mapazia yake meupe yalikuwa rangi ya kahawa. Saa mbili ilifika barua ya mistari miwili: kwa mujibu wa sheria ndogo, mwenye moshi huu ni nani? Jina lake lifike mezani kwangu kabla ya saa sita mchana.

Mwenyekiti Kisoma alikuwa ameishika barua hiyo. Ile hati ya Jumamosi hakuitaja tena. Alisimama, akanyoosha koti, akatangaza kwamba Halmashauri, kwa huruma yake, haitatoa adhabu yoyote. Inamtaka mshtakiwa jambo moja dogo: akiri mbele ya umma kwamba moshi ni wake, kisha achukue pipa lake aende kwa amani.

"Moshi upi, Mheshimiwa?" aliuliza Siwema.

"Moshi ni moshi, mama. Mwenye pipa ndiye mwenye moshi. Hata mtoto mdogo analijua hilo."

"Juzi ulinipa karatasi nisaini kwamba haujawahi kuwepo."

Mwenyekiti alimtazama mkurugenzi, mkurugenzi akamtazama Mheshimiwa Tindwa, Mheshimiwa Tindwa akaitazama leso. Bwana Afya Lugendo alikuwa amekaa kwenye meza ya katibu, kalamu mkononi. Siwema akamgeukia yeye, akawaacha wakubwa.

"Bwana Afya, andika. Moshi wa mpera uliotoka uani kwangu, wa mama yangu na wa kwangu, wa miaka yote, ni wangu. Ulipinda, ulivuka kuta, uliingia madirishani, na siukani hata kidogo. Anayetaka kunifunga kwa huo, anifunge leo. Umeandika?"

Lugendo aliitikia kwa kichwa kwamba ameandika.

"Andika na hili. Huu wa meza na kochi mmeuwasha nyinyi, mmeuchochea nyinyi, kwa zamu na kwa posho. Huu ni wenu. Na uliowafikia ndio hawa hapa, na sahani zao, na fomu mmewapigia muhuri wenyewe. Anzeni kugawa."

Watu hawakushangilia. Waligonga sahani, kijiko kwa sahani, polepole, mpaka kiwanja chote kikawa mlio mmoja. Mwenyekiti alimwinamia Lugendo akamwamuru, kwa sauti ya chini, afute mstari wa mwisho.

"Nimeshaandika, Mheshimiwa," alisema Lugendo. Uso wake ulikuwa umepauka, na karatasi ilikuwa tayari mikononi mwa tarishi, ikielekea kwa Mkuu wa Mkoa.

*

Mwenyekiti na wenzake waliingia kikao cha dharura, na inasemekana bado wamo. Watu wa Mperani walimwagia pipa maji, wakalipandisha mkokoteni wa kuazima, wakalirudisha kwao mchana kweupe kwa njia ile ile lililojia. Siwema alilisugua kwa majivu na ndimu siku mbili kulitoa harufu ya kochi. Dirisha namba nne bado liko wazi. Wanaokwenda huambiwa fungu lao liko njiani, na wao hawaondoki, hukaa pale na sahani zao mpaka saa ya kufunga, na kesho yake huja tena, wengine zaidi.

Sheria haikufutwa. Kila Alhamisi Bwana Afya Lugendo hutumwa uani kwa Siwema na fomu ile ile, anauliza swali lile lile: moshi huu ni wa nani? Siwema hainuki wala haachi kuchochea.

"Wangu," humjibu. "Andika."

Naye huandika. Akimaliza, Siwema humwambia asogee upande ule unakoelekea upepo, asije akarudi ofisini akasema haukumfikia.